Almasi Haizaliwi na Makaa

Masomo ya kutafakari: Yobu 28, Mathayo 19:3-9, Waefeso 5:21-33



Kwa miaka mingi, kila nilipoalikwa kubariki ndoa, nilikuwa na mfano mmoja niliopenda kuutumia. Niliwaambia maarusi wafikirie makaa na almasi. "Almasi," nilisema, "ni kipande cha makaa kilichovumilia shinikizo. Nanyi mkivumilia shinikizo la ndoa, Mungu atawageuza kuwa almasi." Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikarudi kuketi nikiwa nimeridhika na mahubiri yangu.

Kisha Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri nje ya sakristia. Nilimfahamu vizuri, kwa kuwa ndoa yake niliibariki mimi mwenyewe miaka tisa iliyotangulia. Alikuwa amejifunga leso hadi kidevuni ingawa jua lilikuwa kali. Hakuja kunilaumu. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Padre, siku ile ulituambia shinikizo ndilo hufanya almasi. Nimevumilia miaka tisa sasa. Je, bado kiasi gani?" Akaishusha ile leso kidogo, nikaiona shingo yake.

Ndugu wasomaji, sikuwa na jibu. Nilimwita sista muuguzi amtazame, nikakaa na yule mama mpaka akaweza kusema yote aliyokuwa nayo moyoni. Lakini usiku ule sikulala. Niliogopa kwamba mfano wangu mzuri ulikuwa umemfunga mtoto wa Mungu kwenye mateso, akidhani kwamba kupigwa ni njia ya utakatifu.

Kesho yake nilimwendea mwalimu mmoja wa jiografia hapa parokiani nikamwomba anieleze almasi inavyotokea hasa. Alinisikiliza, akatabasamu kwa heshima, akasema: "Padre, samahani, lakini mfano wako una kasoro tangu mwanzo. Almasi haitokani na makaa." Alinifundisha kwa muda mrefu, akaniazima na vitabu. Niliyojifunza ndiyo ninayotaka kuwashirikisha leo, kwa sababu naona yanatufundisha juu ya ndoa kuliko ule mfano wangu wa zamani.

YANAYOTENDEKA CHINI YA ARDHI

Makaa ya mawe hutokana na mimea iliyooza na kufukiwa zamani sana. Lakini mimea ya nchi kavu haijafikisha hata miaka milioni 500 tangu ianze kuota duniani. Almasi nyingi zina umri wa kati ya miaka bilioni 1 na bilioni 3.5. Maana yake ni kwamba almasi ilikwisha kuwapo kabla mti wowote haujaota juu ya nchi, na hivyo haiwezi kuwa mtoto wa makaa.

Wataalamu wanaujuaje umri huo? Mara nyingine almasi inapokua hufunga ndani yake punje ndogo ya madini mengine. Mtengeneza vito huiona punje hiyo kuwa doa linaloshusha bei. Mwanasayansi huitafuta kwa bidii, kwa sababu kwa kuipima punje hiyo anaweza kujua jiwe lilizaliwa lini.

Almasi nyingi hujengeka kina cha kilomita 150 hadi 200 chini ya ardhi, chini ya mabara makongwe yenye mizizi minene ya mawe. Fikiria safari ya gari kutoka Nairobi hadi Nakuru. Sasa fikiria mwendo huo ukielekea chini moja kwa moja. Shimo refu kuliko yote lililowahi kutobolewa kwa ajili ya utafiti, lile la Kola nchini Urusi, lilipita kilomita 12 kidogo tu. Basi mahali almasi inapozaliwa hapajafikiwa na mtu wala na chombo cha mtu. Huko joto ni nyuzi kama 900 hadi 1,300 za Selsiasi, na shinikizo ni kama mara 50,000 ya uzito wa hewa tunaoubeba hapa juu. Ndani ya mawe hayo hupita majimaji yaliyobeba kaboni, na kaboni hiyo hujipanga polepole, chembe kwa chembe, mpaka jiwe linapatikana.

Halafu, baada ya miaka mingi mno, lava ya aina ya pekee hupanda kutoka chini kwa kasi kubwa, ikipasua njia na kuyabeba mawe hayo hadi juu kwa muda wa saa au siku chache. Lava hiyo ikipoa huwa mwamba uitwao kimbalaiti, kwa jina la mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Jirani zetu Watanzania wanao mwamba wa namna hiyo huko Mwadui, mkoa wa Shinyanga, ambao mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aliugundua mwaka 1940. Una eneo la hekta 146, nao ni miongoni mwa mikubwa duniani. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi yake.

Tuangalie jambo moja: ile lava haikuitengeneza almasi. Iliibeba tu. Ndivyo ilivyo na misukosuko ya nyumbani. Baba akiachishwa kazi, mama akilazwa hospitalini, mtoto akifukuzwa shule, watu husema, "Shida ile iliwafanya wapendane" au "Shida ile iliwavunja." Mara nyingi shida imeleta juu kile kilichokuwa kimejengeka chini siku nyingi, wakati hakuna jirani aliyekuwa akitazama.

KABONI NI ILE ILE

Sasa tuje kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote. Chukua penseli ya mtoto wako. Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi. Mna kitu cheusi kiitwacho grafaiti. Grafaiti ni kaboni tupu. Almasi nayo ni kaboni tupu. Mwaka 1797 mwanakemia Mwingereza, Smithson Tennant, alichoma almasi na kuonyesha kwamba ni kaboni ile ile. Basi kwa nini kimoja kinachakaa ukikisugua juu ya karatasi, na kingine kinakata kioo?

Tofauti iko katika kushikana. Katika grafaiti, kila chembe ya kaboni imeshika kwa nguvu chembe tatu zilizo kando yake, katika tabaka moja. Tabaka hizo zimelaliana kama chapati zilizopangwa sahanini. Kila chapati ni nzima, lakini ukiisukuma ya juu inateleza. Ndiyo maana penseli huandika: tabaka zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Katika almasi, kila chembe imeshika nyingine nne, na mikono hiyo imeelekea pande zote: kando, juu na chini. Hakuna tabaka la kuteleza.

Wapendwa, nimetembelea nyumba nyingi ambazo mume na mke wameshikana vizuri sana katika tabaka moja. Karo ya shule inalipwa. Chakula kipo. Zamu ya kwenda kuwaona wazazi inajulikana. Ukiwauliza kuhusu ndoa yao wanajibu, "Padre, hatuna shida." Lakini hakuna mkono unaofika chini. Mume ana hofu juu ya biashara yake ambayo hajaisema tangu mwaka jana. Mke ana huzuni ya mimba iliyoharibika, na tangu wiki ile haijatajwa tena. Wanazungumza habari za unga, umeme na ada, kila siku. Siku jambo zito likiwasukuma, kila mmoja anateleza kwenda upande wake, nao wanashangaa: "Mbona tulikuwa sawa?"

Dawa yake si ngumu kuieleza, ingawa inahitaji moyo. Tafuteni robo saa kila jioni, watoto wakiisha kulala. Zimeni televisheni, wekeni simu mbali. Kila mmoja aseme jambo moja lililomgusa siku hiyo: la furaha, la hofu au la kumwudhi. Mwingine asijibu kwanza. Asikilize mpaka mwisho, kisha arudie kwa maneno yake yale aliyosikia. Wiki ya kwanza mtaona aibu. Wengine mtacheka. Endeleeni. Malizieni kwa Baba Yetu mkiwa mmeshikana mikono. Sala ya pamoja ni mkono unaowashika ninyi wawili, nanyi mnaushika.

SHINIKIZO NA PIGO

Sasa nalirudia swali la yule mama, maana ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Ni kweli kwamba almasi haijengeki bila shinikizo. Lakini ni shinikizo la namna gani? Kule chini, uzito wa mawe hulibana jiwe kutoka pande zote kwa pamoja. Halilemei upande mmoja na kuuacha mwingine. Ndivyo zilivyo shida zinazowakuta mume na mke kwa pamoja: ukame, ugonjwa, umaskini, kifo cha mtoto, kukawia kupata uzazi. Hizo zinatoka nje ya mapendo yao na kuwabana wote wawili. Wakishikana, zinaweza kuwakaza zaidi, kwa neema ya Mungu.

Pigo ni kitu kingine kabisa. Watu hudhani almasi haivunjiki kwa kuwa hakuna jiwe la asili lililo gumu kuliko hiyo. Si kweli. Almasi haikwaruzwi kwa urahisi, lakini inapasuka. Ina njia zake za kupasukia, kama ukuni ulivyo na mshikizo wake wa kupasukia, na pigo moja likifuata njia hiyo linaigawa. Mwaka 1908 huko Amsterdam, fundi Joseph Asscher aliipasua almasi ya Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106. Jiwe la ubora wa kito lililo kubwa kuliko yote yaliyokuwa yamepatikana, lililokaa chini ya uzito wa ajabu bila kudhurika, lilipasuliwa kwa kisu na pigo la mkono wa mtu mmoja.

Basi nasema waziwazi, na ninajisahihisha mbele yenu: ngumi ya mume siyo shinikizo linalofanya almasi. Ni pigo. Matusi ya kila siku ni pigo. Kumnyima mke pesa za dawa ili "ajue nani mkubwa" ni pigo. Na kwa kuwa kuna waume pia wanaopigwa na kudhalilishwa nyumbani, nao wakanyamaza kwa aibu, nawaambia na wao: hilo ni pigo.

Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Waefeso, anaanza kwa kutuagiza tutiiane sisi kwa sisi kwa kumcha Kristo. Kisha anawaagiza waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akautoa uhai wake kwa ajili yake. Anawakumbusha kwamba hakuna mtu anayeuchukia mwili wake mwenyewe, bali huulisha na kuutunza. Mwanamume anayenukuu habari za utii wa mke na kuirukia hiyo sehemu nyingine hajasoma barua. Amechukua fimbo humo.

Wengine huniuliza: "Padre, si Kanisa linakataza kuachana? Si alichounganisha Mungu binadamu asikitenganishe?" Naam, kifungo cha Sakramenti ya Ndoa kinadumu mpaka kifo. Lakini Kanisa halijasema kamwe kwamba mtu akae mahali anapoweza kuuawa. Sheria za Kanisa, Kanoni ya 1153, zinasema kwamba mmoja wa wanandoa akimletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au mwili, huyo mwenzake ana sababu halali ya kutengana naye, kwa idhini ya Askofu. Na kama kungoja kuna hatari, anaweza kuondoka hata kabla ya idhini hiyo. Sababu ikiisha, maisha ya pamoja yarudishwe, isipokuwa mamlaka ya Kanisa yameamua vingine. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 241, alifundisha kwamba kutengana ni dawa ya mwisho, lakini kuna nyakati ambapo kunakuwa wajibu wa kimaadili, ili kumwokoa aliye mnyonge, au watoto wadogo, na ukatili. Kutengana kwa namna hiyo si talaka. Ni kukiondoa kito chini ya nyundo.

Kwa hiyo, mama au baba unayesoma haya ukiwa katika hatari, fanya hivi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo: dada yako, jirani, katekista au kiongozi wa jumuiya yako ndogo ndogo. Nenda ukatibiwe na uhakikishe majeraha yameandikwa. Piga ripoti polisi na uombe fomu ya P3. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda. Wala usidhani unamsaliti mumeo au mkeo. Kumzuia mtu asiendelee kutenda dhambi nzito ni tendo la mapendo pia.

Nanyi viongozi wa jumuiya, na sisi mapadre, tujihadhari na lile neno jepesi la "vumilia". Kabla hujalitamka, uliza kwanza: anavumilia nini? Kama anavumilia shida iliyowapata wote wawili, mtie moyo. Kama anapigwa, mtafutie mahali salama pa kulala.

SURA YA ALMASI, MOYO WA GRAFAITI

Kaskazini mwa Morocco kuna milima iitwayo Beni Bousera. Mawe yake yalitoka kina kirefu sana, lakini hayakupandishwa kwa haraka kama yale ya Mwadui. Yalipanda polepole. Ndani yake wataalamu walikuta vipande vyenye sura kamili ya almasi, na nyuso zake nane. Walipovichunguza waliona kwamba ni grafaiti. Zamani vilikuwa almasi za kweli. Vilipokuwa vikipanda polepole, vingali na joto kali lakini shinikizo limepungua, kaboni iliachia mikono yake mmoja mmoja na kujipanga upya. Sura ya nje ilibaki ile ile.

Mwalimu aliponieleza hayo nilinyamaza kwa muda. Niliziona picha za arusi zilizotundikwa ukutani. Niliwaona watu wanaoketi benchi moja kanisani, wamevaa sare moja siku ya sherehe ya parokia, nao hawajaongea tangu Alhamisi. Hakuna aliyefanya kosa kubwa. Hakuna uzinzi, hakuna ngumi. Mkono mmoja uliachiliwa walipoacha kusali pamoja. Mwingine uliachiliwa walipoanza kufichana mishahara, na mwingine walipolala mara ya kwanza wakiwa wamepeana migongo bila kusameheana, wakaona kumbe inawezekana. Sura ilibaki.

Kama mmejiona katika maneno hayo, msikate tamaa. Jiwe la Beni Bousera haliwezi kujigeuza tena, lakini ninyi si mawe. Mna hiari, mna neema ya Sakramenti mliyopokea, na mna Kitubio. Anzeni na ule mkono ulioachiliwa mwisho, kwa kuwa ndio ulio karibu zaidi kushikwa tena.

TUSIOMBE MIOYO YA ALMASI

Hapa nina neno la tahadhari. Katika Maandiko Matakatifu, ugumu wa jiwe mara nyingi hausifiwi. Nabii Yeremia, katika sura ya 17, anasema dhambi ya Yuda imechorwa kwa ncha ya almasi juu ya mioyo yao. Nabii Zekaria, katika sura ya 7, anawalaumu watu walioifanya mioyo yao kuwa migumu kama jiwe ili wasilisikie neno la Bwana. Na Bwana wetu Yesu Kristo, Mafarisayo walipomwuliza juu ya talaka, aliwajibu kwamba Musa aliiruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao, bali tangu mwanzo haikuwa hivyo.

Basi tutenganishe mambo mawili. Kifungo cha ndoa na kiwe kigumu. Moyo na uwe laini. Nimewaona watu waliogeuza mambo hayo: kifungo chao kilegevu, mioyo yao migumu. Mke amekosa jambo dogo mwaka wa kwanza wa ndoa, naye anakumbushwa mwaka wa kumi na tano. Mume ameomba radhi kwa kweli, naye anaambiwa, "Nimesikia," kwa sauti ya mlango unaofungwa. Mungu alituahidi kwa kinywa cha Ezekieli, sura ya 36, kwamba atatuondolea moyo wa jiwe na kutupa moyo wa nyama. Moyo wa nyama huumia, ndiyo. Lakini ndio pekee unaoweza kupona.

UDONGO MWINGI, KITO KIDOGO

Huko Kimberley, tangu mwaka 1871 hadi 1914, watu walichimba shimo kubwa kwa sururu na koleo. Walitoa zaidi ya tani milioni 22 za mawe na udongo, na humo wakapata kilo kama 2,700 za almasi. Pigeni hesabu: karibu tani 8 za udongo kwa gramu 1 ya almasi.

Siku nyingi za ndoa ni udongo. Kuosha vyombo, kupanga foleni hospitalini, kumngoja mwenzako aliyechelewa, kusikiliza hadithi uliyokwisha kuisikia mara kumi. Vijana wengine wakiona udongo siku mbili mfululizo wanasema, "Mapendo yamekwisha." Mchimbaji hashangai kuona udongo. Anajua kito kimo humo humo, naye hautupi kabla hajauchunguza. Mumeo alipoamka usiku kumpima mtoto joto bila kukuamsha, ulikiona kito? Mkeo alipojinyima kiatu ili kijana alipiwe safari ya shule, ulimshukuru?

Nanyi vijana mnaoahirisha arusi miaka na miaka kwa kukosa fedha za pete na sherehe: Kanisa halidai almasi. Pete ya kawaida iliyobarikiwa yatosha, tena Sakramenti inakamilika kwa ahadi zenu, si kwa thamani ya madini. Yobu, katika sura ya 28, anamsifu binadamu anayetoboa miamba na kuleta nuruni vilivyofichika, kisha anauliza hekima itapatikana wapi, maana hainunuliwi kwa dhahabu wala kwa vito. Jibu lake ni kwamba kumcha Bwana ndiko hekima, na kujitenga na uovu ndiko akili.

Mtapenda kujua habari za yule mama. Alihamia kwa kaka yake pamoja na watoto, na Askofu alijulishwa. Mumewe alikasirika, akakaa miezi bila kuja kanisani. Siku hizi anakuja kuniona kila mwezi, nasi tunaanza kila mara na mambo aliyotenda, bila kuyapunguza. Bado wanaishi mbalimbali. Mama huyo ameniambia atarudi siku atakapokuwa na hakika ya usalama wake, nami sijamwambia aharakishe. Nimemwomba msamaha kwa ule mfano wangu. Alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya sakristia, akasema, "Padre, kumbe hata mapadre husahihishwa."

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Ni jambo gani ambalo hatujalizungumza kwa zaidi ya mwaka mmoja, nalo limo moyoni mwa mmoja wetu?

2. Shida zetu za sasa zinatubana kutoka nje sote wawili, au kuna mmoja wetu anayempiga mwenzake kwa mkono, kwa maneno au kwa fedha?

3. Ni mkono upi tulioachilia mwisho? Tutaushika tena lini, na kwa hatua gani ya kwanza?

4. Kila mmoja amtajie mwenzake "kito" kimoja alichokiona wiki hii katika udongo wa kila siku.

TUSALI

Ee Mungu Baba, uliyeweka vito mahali ambapo jicho la mtu halifiki, wewe unaijua nyumba yetu mpaka chini kabisa. Utufundishe kushikana pande zote, wala tusitosheke na sura ya nje. Shida zikitubana, utubane pamoja. Uuzuie mkono uliojiinua kupiga, na umpe aliyejeruhiwa mahali salama na watu wa kumsikiliza. Utuondolee moyo wa jiwe, utupe moyo wa nyama. Familia Takatifu ya Nazareti, Yesu, Maria na Yosefu, mtuombee na kutulinda. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.